Ua la Kwetu Tulilolisahau Mwambani

Wapenzi akina mama, mwezi huu tunaomba mtuvumilie kidogo. Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mchicha, bamia, matembele na mambo mengine yanayoingia chunguni. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kisicholiwa, kisichotibu homa, wala kisichopangwa mafungu katika soko la Mgandini. Ni ua. Tena ni ua dogo, lisilojaza hata kiganja cha mtoto. Hata hivyo tunawaahidi kwamba kabla hatujafika mwisho tutakuwa tumerudi jikoni, penye ndoo ya maji.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mama mwenzetu mmoja wa hapa Tanga alikwenda Ujerumani kumwuguza binti yake aliyejifungua. Aliporudi tulikwenda kumjulia hali na kumwona mjukuu katika picha. Tukanywa chai, tukaonyeshwa mtoto amelala, mtoto anaoga, mtoto analia. Katikati ya picha hizo ilikuwamo moja ya bibi mzee wa Kijerumani, jirani yao, amesimama kando ya dirisha lake. Kwenye kizingiti cha dirisha vilipangwa vyungu sita, na kila chungu kilikuwa na shada la maua ya zambarau juu ya majani mviringo.

Mwenzetu akatuambia: "Bibi huyu aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, mkoa wa Tanga. Hakuelewa. Binti yangu akamtajia milima ya Usambara. Loo! Akanishika mkono mpaka dirishani, akawa ananionyesha vile vyungu na kusema Usambara, Usambara. Kumbe ua lile kwa Kijerumani huitwa urujuani wa Usambara. Akaniuliza kwetu yanaota wapi, na kama tunayo mengi. Jamani, mimi nimezaliwa Muheza na nimezeekea Tanga, lakini sikuwa na la kumjibu. Niliona haya."

Tulinyamaza wote. Juu ya meza palikuwa na chombo cha maua. Yalikuwa maua ya plastiki.

Lilivyotoka Tanga

Tangu siku ile tulijiwekea nia ya kuitafuta habari ya ua hili, ili mama mwingine akiulizwa asikose jibu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1892, nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani, mtawala wao wa wilaya hapa Tanga alikuwa bwana mmoja aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire. Alikuwa mtu wa kusikiliza na kutazama. Mwaka 1890 kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuchapishwa mjini Berlin. Tena alipenda mimea. Katika matembezi yake aliukuta mmea mfupi, wenye majani manene yenye manyoya laini kama shavu la mtoto mchanga, na maua ya rangi ya zambarau yenye kitovu cha njano. Aliukuta mahali pawili. Pa kwanza ni karibu na mji wa Tanga, mwendo wa kama saa moja, katika nyufa za mawe ya chokaa chini ya miti. Pa pili ni juu katika milima ya Usambara, ndani ya msitu mkubwa, penye miamba migumu ya aina nyingine.

Bwana huyo aliupeleka mmea kwa baba yake Ujerumani. Naye baba akampa rafiki yake Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuandika kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni heshima kwa ukoo wa Saint Paul. La pili limetoka katika Kigiriki, maana yake ni lenye maua kama urujuani. Kwa kweli mmea huu si ndugu wa urujuani wa Ulaya, wamefanana rangi tu. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza vinasaba vyake waliuingiza katika ukoo mkubwa zaidi unaoitwa Streptocarpus. Lakini wapenda maua wengi wamebaki na jina la zamani la Saintpaulia, nasi tutalitumia hilo.

Kutoka hapo ua letu lilipata miguu. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary katika mji wa Erfurt ilianza kuuza mbegu zake. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa kampuni ya Armacost na Royston huko Los Angeles, Marekani, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Waliotesha miche mingi sana, wakaichambua, wakabakiza aina kumi zilizo bora. Hizo kumi ndizo zilizolieneza ua hili katika nyumba za Marekani. Mwaka 1946 wapenzi wake wa huko waliunda chama chao, na chama hicho kipo mpaka leo. Siku hizi zipo aina maelfu: nyeupe, za waridi, za bluu, zenye petali za mkunjo, zenye petali tabaka juu ya tabaka. Watu waliandika vitabu juu yake, na hushindana kwa tuzo kila mwaka.

Watu wa pwani husema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Ua hili nalo liliondoka, likawa maarufu ugenini, na huku nyumbani hatukuona hata kwamba lina safari.

Tusije tukamlaumu yule bibi wa dirishani. Yeye alinunua ua lake kwa pesa yake na analitunza vizuri. Zamani zile hapakuwa na sheria yoyote ya kumzuia mtu kuchukua mmea wa nchi nyingine na kuufanyia biashara. Ni mwaka 1992 tu mataifa yalipotia sahihi mkataba unaotambua kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida inapaswa kugawanywa kwa haki. Ulikuja miaka mia moja baada ya ua letu kuondoka. Lililopita limepita. Lililo muhimu kwetu ni yale mama wa ua hilo, yaliyobaki mwambani.

Linaishi vipi juu ya jiwe?

Ukitaka kuliona kwao, panda gari kutoka Tanga hadi Muheza, uzipite pikipiki zilizobeba magunia ya machungwa, kisha ushike njia ya Amani. Barabara hupanda taratibu kutoka kwenye joto la chini. Ukifika Zigi, penye lango la hifadhi, utaona nyumba ya zamani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni, maana wakati wa Wajerumani reli ndogo ilifika hadi hapo kuchukua mbao na mazao. Kutoka Zigi njia hupanda kwa kona nyingi hadi Amani, ambako mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani kubwa ya mimea. Mwaka 1997 serikali yetu ilitangaza sehemu hiyo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.

Huko hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Asubuhi ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai mpaka saa tatu au saa nne. Katika makorongo ya mito, chini ya miti mikubwa, utaona kuta za mwamba zinazotoka jasho. Hakuna anayezimwagia maji, lakini mchana kutwa zimelowa, na kuvu la kijani limezitandikia kama mkeka. Hapo ndipo penye ua letu.

Mtu atauliza, kwa nini limechagua kuishi juu ya jiwe na kuacha udongo mzuri wa chini? Jibu lake linafaa kutafakariwa. Kule chini penye udongo mwingi kuna ugomvi. Mimea yenye nguvu hukimbilia juu na kuifunika midogo. Mwambani hapana udongo wa kugombania, bali pana kijitabaka chembamba cha majani yaliyooza na kuvu. Mmea mkubwa hauwezi kushika hapo. Ua hili lina mizizi mifupi, nalo latosheka na kidogo hicho. Majani yake manene huweka akiba ya maji. Huishi miaka mingi mahali pamoja, halihami wala halikui kuwa kichaka.

Lakini lina masharti mawili, nayo halikubali kuyapunguza: kivuli na unyevu. Jua likilipiga moja kwa moja, majani hubabuka. Mwamba ukikauka kwa muda mrefu, mizizi yake haina pa kwenda kutafuta maji. Mmea wa shambani waweza kuteremsha mizizi chini zaidi. Huu hauwezi, maana chini yake ni jiwe.

Hata kuzaa kwake kunahitaji jirani. Ua lake halina asali. Chavua imefungwa ndani ya vile vifuko viwili vya njano katikati. Nyuki wa porini huja, akakishika kifuko na kutetemesha mwili wake kwa nguvu mpaka chavua ikamwagika kama unga katika chekecheo. Pasipokuwa na nyuki wa namna hiyo, mbegu hazipatikani. Basi ua hili dogo limewekewa mahitaji yake yote katika sehemu moja: mti wa kulifunika, jiwe la kulibeba, maji ya kulilowesha na nyuki wa kulitumikia. Ukiondoa kimoja umeliondoa lenyewe.

Ndugu zake wako wachache katika nchi yetu na Kenya peke yake. Wengi wako Usambara. Wengine wako katika milima ya Nguru na Uluguru. Upande wa Kenya wako katika milima ya Taita na kwenye miamba ya chokaa nyuma ya pwani ya Kilifi. Duniani kote hakuna mahali pengine linapoota lenyewe. Aina kadhaa zimo katika hatari ya kutoweka, nyingine zinajulikana katika mlima mmoja tu au korongo moja tu. Hebu fikirini, akina mama: ua lililojaa madirishani kwa mamilioni linaweza kwisha kabisa huku lilikozaliwa.

Deni letu wenyewe

Hapa inatubidi tuseme kweli, maana ukurasa huu si wa kuwanyoshea wengine kidole.

Miaka mingi iliyopita tulikwenda safari ya akina mama huko juu. Tulipumzika kando ya kijito, tukala mihogo yetu na samaki wa kukaanga. Juu ya jiwe, kiasi cha mkono kufika, palikuwa na kijishina chenye maua matatu. Hatukulijua jina lake. Tulilipenda tu. Tukalibandua kwa kisu cha kumenyea machungwa, tukaliviringisha katika kitambaa kilicholowa, tukashuka nalo Tanga. Tuliliweka dirishani kwenye kopo la maziwa, upande wa jua, tukijua kwamba maua hupenda jua. Tukalimwagia maji asubuhi na jioni.

Siku ya tatu majani yalipata mabaka ya kahawia. Wiki haikwisha likawa limeoza shingoni. Tulilitupa jaani pamoja na maganda ya ndizi, tukasahau.

Leo tunajua tulichokifanya. Kijishina kile huenda kilikaa pale miaka mingi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na kwa kila moja inayopata ufa wenye kuvu na unyevu ikashika, nyingi sana huanguka bure. Tuliua kwa wiki moja kitu ambacho msitu ulikilea kwa subira. Tena hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa wapenda maua tu. Ndiyo maana tunasema, mwenzetu unayekwenda kutembea Amani au popote milimani, usibandue. Ndani ya hifadhi ni kosa kwa sheria. Lakini hata kama hapangekuwa na mlinzi, litazame, mwonyeshe mtoto wako, lipige picha, uliache na jiwe lake.

Ndoo ya maji

Sasa turudi jikoni kama tulivyoahidi.

Maji yanayotiririka juu ya mwamba wa ua letu hayaishii pale. Huanguka katika vijito, vijito huingia mto Zigi, na mto Zigi hushuka mpaka bwawa la Mabayani. Kutoka bwawa hilo mji wa Tanga hupata maji yake. Kwa hiyo unapofungua bomba kule Ngamiani, Chumbageni au Makorora, unachota jasho la mwamba ule ule.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mvua ikinyesha juu ya msitu, haipigi ardhi kwa nguvu. Hupokelewa na majani ya juu, ikadondoka kwenye majani ya chini, ikanyonywa na takataka za majani makavu zilizotanda ardhini kama godoro. Kisha maji huachiwa polepole, siku baada ya siku, hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana mwamba hulowa hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Msitu ukifyekwa, mvua ile ile hupiga udongo mtupu, hukimbia na kuuburuta hadi bwawani. Wiki moja kuna mafuriko ya matope, mwezi unaofuata kijito kimekauka. Nani atakayeamka alfajiri kutafuta maji? Sote tunamjua.

Msitu ule umepata misukosuko. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mingi mikubwa ilikatwa kwa ajili ya mbao, mpaka ukataji wa mashine ukakomeshwa baada ya watu kuona hatari yake. Wakulima walipanda iliki chini ya miti. Ukitazama kwa mbali waona msitu upo, kumbe ndani miche michanga imefyekwa ili iliki ipate nafasi, na miti mizee ikianguka haina watoto wa kuirithi. Kisha mwishoni mwa 2003 na mwaka 2004 ikaja habari ya dhahabu huko Sakale, penye vyanzo vya mto Zigi. Umati wa watu ulikwenda kuchimba mchanga wa vijito hadi walipoondolewa.

Hatutaki kusema maneno mepesi. Mama wa mlimani anayelima iliki hafanyi hivyo kwa kuuchukia msitu. Iliki ndiyo sare ya shule, ndiyo daftari, ndiyo nauli ya hospitali. Kumwambia aache kwa ajili ya ua la zambarau ni kumdhihaki. Mkono mtupu haulambwi. Lakini zipo njia ambazo mkono haubaki mtupu. Upo mti wa msambu, unaoota katika milima hiyo hiyo. Matunda yake huanguka yenyewe, akina mama huokota mbegu na kuziuza kwa ajili ya mafuta. Mti huo humpa mama pesa akiuacha umesimama. Kuna ufugaji wa nyuki, na kuna wanaolima pilipili manga kwa kuipandisha juu ya miti. Na sisi wa mjini tunaokunywa maji ya Zigi tusijifanye hayatuhusu. Anayetunza chanzo kule juu anatufanyia kazi, na mwenye kufanya kazi anastahili ujira wake. Ikiwa sehemu ya bili ya maji inarudi mlimani kuwasaidia wakulima kupanda miti kando ya mito, hiyo si hasara. Ni malipo ya haki kwa mtu aliyetuchotea.

Ndiyo sababu tukalileta ua hili katika ukurasa wa nyumbani. Msitu ni mkubwa, na macho hayauoni ukipungua. Lakini ua la mwambani hupungua mbele ya macho. Likibabuka, fahamu kivuli kimeondoka. Likikauka, fahamu mwamba umeacha kutoka jasho. Linatuambia habari za ndoo yetu kabla ndoo haijawa tupu.

Jinsi ya kuwa nalo nyumbani bila kuliibia jiwe

Huenda msomaji sasa anatamani kuwa na la kwake. Inawezekana, tena bila kugusa msitu. Katika vitalu vya maua vya miji mikubwa mara nyingine huuzwa yale yaliyokwisha kuzoea maisha ya chunguni, uzao wa yale yaliyosafiri tangu 1893. Au jirani yako anaweza kukupa jani moja. Ndiyo, jani moja tu latosha. Fanya hivi:

1. Chagua jani zima, lisilo changa sana wala zee. Likate pamoja na kikonyo chake, urefu wa kama vidole viwili vilivyolazwa. Liache kivulini muda mfupi ili kidonda kikauke.

2. Chukua kopo dogo, litoboe chini matundu ya kutosha. Tia mchanga safi uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi. Hapa kwetu pwani makumbi hayana bei.

3. Lowesha mchanganyiko huo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka kikonyo kwa kuinamisha jani kidogo. Funika kopo kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ulipo nao nyumbani.

4. Weka kivulini penye mwanga. Baada ya wiki tatu au nne mizizi huanza. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vinachomoza chini ya jani mama. Usiwe na haraka. Vikifikia ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja kopo lake.

5. Mmea ukikua, uweke mahali penye mwanga wa asubuhi, usipigwe na jua la mchana. Tanga chini kuna joto, kwa hiyo uweke upande wa nyumba unaopata upepo, juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo. Chungu kisizame ndani ya maji, kikae juu ya kokoto.

6. Mwagilia kwa chini, si juu ya majani. Maji baridi yakidondoka juu ya majani yale ya manyoya huacha madoa. Ngoja udongo wa juu ukauke kwa kidole kabla ya kumwagilia tena. Maua mengi ya namna hii hufa kwa kupendwa mno, yaani kwa maji mengi, kama lilivyokufa letu.

Mwenye kufuata hayo atapata maua kabla ya mwaka kwisha, na likishazoea huchanua miezi mingi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tumeacha mbacha wetu siku nyingi, tukatandika wa plastiki. Yule mama mwenzetu ameshaondoa lile shada la mezani. Mahali pake pana kopo lenye jani moja lililochomekwa mchangani, alilopewa na rafiki wa Lushoto. Kila akija mgeni humwambia: "Hili ni la kwetu." Na akiulizwa kwao ni wapi hasa, sasa analo jibu. Ni kule juu, katika mwamba unaotoka jasho, yanakotoka haya maji tuliyopikia chai.

Mpaka mwezi ujao, akina mama. Ukipata jani, usilifiche. Likizaa, mpe jirani.